Motokaa ya Urithi

Urithi hauna umbo moja. Mtu mmoja hurithi shamba, mwingine hurithi ng'ombe, wa tatu hurithi deni, na wa nne hurithi jina jema lisilouzwa wala kununuliwa. Sisi, watoto watatu wa mkulima wa pareto katika nyanda za juu za Molo, tulirithi kipande cha shamba pamoja na motokaa mbovu. Motokaa hiyo haikuweza kwenda hata hatua moja, na kuku walikuwa wakitaga juu ya kiti chake cha nyuma. Nataka kueleza jinsi tulivyoitendea, kwa sababu katika kuitengeneza tulilazimika kujibu swali ambalo kila kijana atakutana nalo siku moja: Je, kitu tulichoachiwa na wazee wetu kikichakaa, tukihifadhi kama kilivyo, tukitupe, au tukibadili?

Wahenga hawakutuachia jibu jepesi. Walisema kwamba mwacha asili ni mtumwa. Lakini walisema pia kwamba siku hazigandi. Mwenye kushika methali ya kwanza peke yake atakaa na vitu vilivyokufa. Mwenye kushika ya pili peke yake atajikuta hana kitu cha kumwambia yeye ni nani. Kazi ngumu ni kuzishika zote mbili kwa wakati mmoja.

Motokaa yenyewe ilikuwa Peugeot 404, ambayo watu wa kwetu waliiita Pijo. Aina hiyo ilitolewa kwa mara ya kwanza nchini Ufaransa mwaka 1960, na umbo lake lilichorwa katika karakana ya Pininfarina nchini Italia. Ilikuwa na mapaja mapana, taa za mviringo, na mapezi madogo nyuma kama ya samaki. Injini yake ilikuwa na silinda 4 na ujazo wa sentimita za mchemraba 1,618. Haikusimama wima kama injini nyingine, bali ililazwa upande kwa nyuzi 45 ili boneti iwe chini. Hadi uundaji wake ulipokoma, motokaa za aina hiyo zilizoundwa zilikaribia milioni 3.

Katika Afrika ya Mashariki jina lake lilienezwa na mashindano ya Safari. Mashindano hayo yalianza mwaka 1953, yakawa yanazunguka Kenya, Uganda na Tanganyika, katika vumbi na tope na mito iliyofurika. Mwaka 1963 magari 84 yaliondoka, yakamaliza 7 tu. Na la kwanza lilikuwa Peugeot 404 lililoendeshwa na Nick Nowicki pamoja na Paddy Cliff. Bert Shankland, aliyeishi Tanzania, alishinda kwa 404 mwaka 1966 na mwaka 1967 akiwa pamoja na Chris Rothwell. Mwaka 1968 Nowicki na Cliff wakashinda tena, na mara hiyo nayo waliofika mwisho walikuwa 7 tu. Mkulima aliyesikiliza habari hizo katika redio hakuhitaji kuelezwa zaidi. Gari lililoweza kupita palipowashinda wengine ndilo lililofaa barabara za kwao.

Baba hakuwa mtu wa mashindano. Alilinunua gari lake mwaka 1971, likiwa limekwisha kutumika miaka mitano, kwa mtu aliyekuwa akihama nchi. Alilipa kwa fedha za pareto alizoweka kwa misimu mitatu. Siku hizo Kenya iliongoza ulimwengu kwa zao hilo, ambalo maua yake meupe hukaushwa na kutolewa dawa ya kuua wadudu. Magunia yetu yalipelekwa Nakuru katika gari hilo. Na viti vikiisha kuondolewa vumbi, lilibeba pia watu. Lilipeleka wagonjwa hospitalini usiku wa manane. Lilichukua maarusi waliovaa viatu vyeupe wasivyotaka kuvitia tope. Watoto wawili wa kijiji chetu walizaliwa ndani yake kabla ya kufika kwa mkunga, na hata leo mmoja wao huitwa Pijo na rafiki zake, ingawa sasa ana wajukuu karibu.

Sauti yake tuliijua kama tunavyojua sauti ya mtu. Jioni baba alipofika kwenye daraja la mto alipunguza gia ili apande kilima, na mngurumo wa injini ulibadilika ukawa mzito. Mama aliposikia badiliko hilo aliinjika birika mekoni. Baba alipofika mlangoni, chai ilikuwa tayari. Sikumbuki kama waliwahi kuagana juu ya jambo hilo. Lilikuwa desturi iliyojifanya yenyewe kwa miaka mingi.

Mwaka 1998, baada ya mvua kubwa za El Niño kuharibu barabara, injini ilichemka katika mwinuko ikakauka maji na kukatika. Wakati huo malipo ya pareto yalikuwa yakichelewa mno, wala fedha za kuitengeneza hazikupatikana. Baba akalisukuma gari, akisaidiwa na majirani, mpaka ndani ya banda la mabati. Tangu siku hiyo halikutoka. Hata hivyo, kila Jumamosi aliingia bandani na kitambaa, akapangusa bampa zake zing'aazo na kioo cha mbele. Alifanya hivyo kwa miaka mingi, mpaka magoti yalipomkataza. Alifariki dunia mwaka 2016.

Mwaka uliofuata tulikutana nyumbani kuzungumza habari za mali. Juu ya shamba hatukutofautiana. Juu ya gari tulitofautiana sana, hata sauti zikapanda.

Kaka yangu mkubwa alisema liuzwe kwa wanunuzi wa chuma chakavu, ambao hupima kwa kilo. Hakusema hivyo kwa kukosa upendo. Yeye ndiye aliyelipa gharama nyingi za ugonjwa wa baba, na alikuwa amechoka kuona kila shilingi ikizama mahali pasipo na matumaini. "Chuma hakina machozi," alisema. "Tuuze, tununue mabati ya nyumba ya mama." Dada yangu alisema gari lisiguswe hata kidogo. Libaki bandani kama lilivyo, na alama ya vidole vya baba juu ya usukani, liwe ukumbusho. Nami nilisema litengenezwe, litembee. Kila mmoja aliwaona wawili wengine kuwa wanamvunjia baba heshima.

Mama alitusikiliza mpaka tuliponyamaza. Kisha akasema, "Baba yenu hakununua sanamu, wala hakununua kilo za chuma. Alinunua gari. Mimi kila mwezi naenda Nakuru kliniki, na ngazi ya matatu inanishinda kupanda. Kama mnaweza kulifanya gari, lifanyeni. Kama hamwezi, msigombane mbele yangu."

Maneno hayo hayakuamua yote, lakini yaliondoa ugomvi mahali pake pabaya. Tulikuwa tukiulizana gari ni nini. Mama alituuliza gari ni la kazi gani. Tukapatana kwa masharti. Kaka alitoa muda wa miaka miwili. Muda huo ukipita na gari halijatembea, litapelekwa kwenye mizani. Dada naye alitaka kila kitu ambacho jicho la abiria huona na mkono wake hugusa kibaki kama baba alivyokiacha. Mimi nilikubali kubeba gharama.

Nilimtafuta Nakuru mzee mmoja aliyeanza kutengeneza Peugeot tangu ujana wake. Alikuja na mkoba mdogo wa vyombo, akafungua boneti, akaondoa silinda hedi. Maji yaliyosimama miaka karibu 20 yalikuwa yameila aluminiamu mpaka ikawa kama mkate ulioliwa na panya. Slivu, yaani mirija ya chuma ambamo pistoni hupanda na kushuka, zilikuwa zimeshikana na kutu. Akapangusa bloku, akaigonga kwa nyundo ndogo, akainamisha kichwa akisikiliza. Ililia kwa sauti bubu upande mmoja. Hapo palikuwa na ufa.

"Mwanangu," aliniambia, "injini hii naweza kuifufua iende siku moja. Siwezi kuifufua iende miaka. Na wewe unataka kumpakia mama yako."

Msomaji ataniuliza kwa nini sikutafuta injini nyingine ya aina ile ile. Zinapatikana kwa wapenzi wa magari ya kale katika nchi za mbali, kwa bei kubwa na kwa kungojea sana. Na kila kifaa kitakachovunjika baadaye kitangojewa vivyo hivyo. Gari la mgonjwa halifai kungojea meli. Fauka ya hayo, si kila jambo la kale lilikuwa jema. Injini nyingi za siku zile zilitengenezewa petroli iliyotiwa madini ya risasi, ambayo ililinda viti vya vali visiliwe upesi. Lakini risasi hiyo ilitoka katika moshi ikaingia vifuani mwa watu, na imethibitika kwamba hudhuru akili za watoto. Kenya iliacha kuuza petroli hiyo kufikia mwaka 2006, na mwaka 2021 Umoja wa Mataifa ulitangaza kwamba haiuzwi tena kwa magari popote duniani. Twapenda kusema kwamba ya kale ni dhahabu. Ni kweli, lakini mengine yalikuwa risasi.

Basi tukaamua kutia injini mpya. Tulichagua injini ya petroli ya Toyota yenye ujazo wa lita 2, ya aina itumiwayo katika baadhi ya matatu za HiAce. Sababu zetu zilikuwa tatu. Kwanza, vipuri vyake vinapatikana katika kila mji. Pili, mafundi wanaoijua ni wengi, na mmoja akikosekana mwingine yupo. Tatu ni sababu ya mahali petu. Molo iko juu ya bahari kwa kiasi cha mita 2,500, na huko hewa ni nyepesi. Katika kila pumzi ya injini hewa hupungua kwa zaidi kidogo ya moja ya tano ikilinganishwa na Mombasa. Injini ya kale hupata petroli yake kwa kabureta, na kabureta haijui kwamba imepanda mlima. Huendelea kumimina mafuta kwa kipimo chake, injini ikasongwa, plagi zikawa nyeusi, na nguvu zikapotea. Injini ya kisasa ina vihisi vinavyopima hewa inayoingia, na kompyuta ndogo inayokadiria mafuta kulingana na hewa hiyo, mara nyingi katika kila sekunde. Haiwezi kuongeza hewa isiyokuwapo, lakini haitupi mafuta bure.

Niliinunua Nairobi katika Kirinyaga Road, barabara ambayo zamani iliitwa Grogan Road, ambako vipuri hupangwa mpaka kando ya njia. Bei yake pamoja na giaboksi ilikuwa sawa na mshahara wangu wa miezi minne. Stakabadhi niliitunza kwa uangalifu, kwa maana mtu akibadili injini sheria humtaka aandikishe badiliko hilo, na nambari ya injini katika hati ya gari ilingane na ile iliyochongwa katika chuma. Asiyefanya hivyo anaweza kudhaniwa kuwa mwizi wa mali yake mwenyewe.

Kazi ilianza kwa kutu, wala si kwa injini. Malori na magari mengi ya kazi huwa na chesi, yaani mifupa ya chuma ambayo bodi huwekwa juu yake. Peugeot 404 haina chesi ya namna hiyo; bodi yake ndiyo mifupa yake. Sakafu ikioza, gari zima limevunjika mgongo, hata kama rangi inang'aa. Mpiga bodi wa jua kali alikata vizingiti vilivyooza chini ya milango na sehemu kubwa ya sakafu, akachomelea chuma kipya kipande kwa kipande, milango ikiwa imefungwa ili umbo lisipinde. Kazi hiyo peke yake ilikula miezi mitano, na hakuna hata mtu mmoja anayeiona leo.

Ilipofika zamu ya injini tuliona kwamba mpya haiingii mahali pa kale kwa kutakiwa heri tu. Injini ya Peugeot ililala. Hii ilisimama, na boneti haikufunga. Ikabidi vishikizo vyake vishushwe, na sampu, yaani bakuli la oili lililo chini ya injini, likatwe na kuundwa upya ili lisigonge mhimili wa mbele. Nyuma yake palikuwa na shida kubwa zaidi. Katika 404 propela, ile fimbo inayopeleka nguvu kwenye magurudumu ya nyuma, imo ndani ya bomba nene la chuma lililoungana na giaboksi mbele na ekseli nyuma. Ndani ya ekseli mna skrubu ya chuma inayozungusha gurudumu la meno la shaba nyeusi. Ni kazi ya ajabu, kimya na yenye kudumu, lakini iliundwa kwa ajili ya injini yenye nguvu za farasi zipatazo 70. Injini yetu mpya ilikuwa na karibu mara mbili ya hizo. Tukaondoa bomba na ekseli pamoja, tukatia ekseli ya Toyota iliyopunguzwa upana na mkereza chuma, nayo ikashikwa na mikono minne ya chuma mahali pa lile bomba.

Nguvu nyingi bila breki ni msiba uliopewa mwendo. Kwa hiyo kabla injini haijawashwa, mzee alitaka breki za disiki zitiwe mbele, kwa maana gari letu lilikuwa na zile za ngoma katika magurudumu yote. Tukatia pia mikanda ya usalama, ambayo gari halikuwa nayo. Mkanda wa namna itumiwayo leo, ushikao bega na kiuno, ulibuniwa na Nils Bohlin wa kampuni ya Volvo mwaka 1959. Lakini ilichukua miaka mingi kabla ya watu kuuona kuwa haki ya kila abiria. Dada aliona mikanda ikifungwa akanikumbusha ahadi. Nikamwambia kwamba baba angeridhia kitu cha kumshika mama asiumie. Akafikiri, akakubali, ila akachagua mwenyewe mikanda ya rangi ya viti.

Nyaya na kompyuta vilikuwa kazi ya binti mmoja aliyehitimu chuo cha ufundi, mwenye umri wa miaka 24. Alimwita fundi wetu babu, naye alimwita mjukuu wangu. Lakini adabu hiyo haikuzuia mabishano. Mzee hakuamini injini ambayo ugonjwa wake husomwa juu ya kioo. Binti naye hakuamini kwamba mtu anaweza kujua vali iliyolegea kwa kusikiliza tu. Mimi nilisimama katikati kama mwenye duka anayeuza vitu viwili visivyopatana.

Siku ya kuwasha ilipofika, injini ilizunguka ikakataa kuwaka. Mzee akakagua petroli, ikawa inafika. Akatoa plagi, hapakuwa na cheche. Binti akaunganisha kifaa chake akasoma. Kompyuta ilikuwa ikiuliza ufunguo wake. Magari ya siku hizi huwa na kinga ya wizi. Ndani ya ufunguo mna kipande kidogo cha umeme, na kompyuta isipokitambua hukataa kutoa amri. Muuzaji alikuwa ametupa injini na kompyuta, lakini ufunguo ulibaki katika gari lilikotolewa. Ilichukua wiki tatu kuupata pamoja na kisanduku chake. Ulipowekwa, injini iliwaka mara moja, na mzee akapiga makofi.

Wiki iliyofuata ikawa zamu yake. Gari lilikwenda vizuri, lakini mwendo ulipofika kilomita 60 kwa saa lilitetemeka, na kifaa cha binti kilisema hakuna kosa lolote. Mzee alichukua bisibisi ndefu, akaweka ncha yake juu ya chuma hapa na pale, na mpini sikioni. Kisha akalala chini ya gari akiwa na kipimo cha pembe. Propela ilikuwa imeinama kwa pembe moja mbele na kwa pembe nyingine nyuma. Na viungo vyake visipolingana, mzunguko huwa na kwikwi. Akatia vipande vyembamba vya chuma chini ya kishikizo cha giaboksi, na mtetemo ukaisha. Binti alimwomba ile bisibisi, akaweka sikio lake, akasikiliza muda mrefu. Tangu siku hiyo sikusikia mabishano, nilisikia maswali.

Ndani ya gari tulitimiza ahadi ya dada. Usukani ni ule ule mwembamba. Gia bado hubadilishwa kwa mkono ulio kando ya usukani, kwa kuwa giaboksi yetu mpya huendeshwa kwa kamba za chuma, na mzee aliziunganisha na mkono wa kale kwa ustadi ambao sijauona kwingine. Viti vilishonwa upya kwa nyuzi, si kwa ngozi mpya, isipokuwa mahali walipotaga kuku. Bonyeo lililo katika mlango wa kushoto, ambalo fahali wa jirani alilitia mwaka 1979, liliachwa lilivyo. Mpiga bodi alitaka kulinyosha bila malipo, akaona ajabu tulipomkataza.

Gari lilitoka bandani likaenda barabarani mwezi wa kumi mwaka 2019, miezi miwili kabla ya muda wa kaka kuisha. Mama alikaa mbele, dada na kaka nyuma, nasi tukaenda Nakuru kliniki. Liliteremka na kupanda bila kuchemka. Wakati wa kurudi tulipofika darajani nilipunguza gia, na injini ikafanya kazi yake kwa mvumo mwepesi, kama cherehani. Hakuna aliyesema neno mpaka tulipofika juu. Ndipo dada akasema, "Gari ni la baba, lakini sauti si yake."

Alisema kweli. Katika badiliko hili tulipoteza kitu, na hakuna ufundi ambao ungekirudisha. Ule mngurumo mzito wa jioni hautasikika tena katika kilima chetu, na watoto wetu hawataujua. Mtu akikuambia kwamba unaweza kubadili mambo ya wazee bila kupoteza lolote, usimsadiki. Kuna gharama isiyoandikwa katika stakabadhi, na ni wajibu wa mwenye kubadili kuikiri wazi. Mama alimjibu dada kwa upole, "Na baba yenu hayupo, mwanangu, lakini tumekwenda na tumerudi." Kaka hakusema neno. Juma lililofuata alileta matairi manne mapya, akayashusha mwenyewe.

Injini ya kale haikupelekwa kwenye mizani. Tuliisafisha, tukaiweka juu ya meza ya chuma, tukaitoa kwa shule moja ya ufundi karibu na kwetu. Wanafunzi huifungua na kuifunga, huona pistoni, vali na zile slivu, na huonyeshwa ufa ulioiua. Haiwezi kuwaka, lakini hufundisha.

Nisieleweke kwamba kila kitu cha kale kifaa kubadilishwa. Fort Jesus ya Mombasa, iliyotiwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2011, ni moja tu. Mtu akiharibu ukuta wake, ameharibu mali ya watu ambao bado hawajazaliwa. Hati ya kale ya mashairi haiongezewi beti ili ipendeze vijana. Kitu kilicho cha pekee, au ambacho kazi yake ni kushuhudia, hutunzwa kama kilivyo. Motokaa yetu ilikuwa moja kati ya karibu milioni 3, na kazi yake ilikuwa kubeba watu. Kama ingebaki ya mwisho duniani, nadhani dada yangu ndiye angekuwa na haki.

Wala sidhani kwamba tulilolifanya ni la mwisho. Hata sasa katika Nairobi wako mafundi waliogeuza Land Cruiser za watalii zikaenda kwa umeme. Huenda mwanangu siku moja akatoa injini niliyoitia kwa gharama kubwa, akaweka betri mahali pake, nami nikilalamika kwamba sauti imepotea. Akifanya hivyo, natumaini atauliza kwanza swali la bibi yake.

Nanyi vijana mnaosoma maneno haya, mtarithi mengi ambayo hamkuyachagua: lugha, desturi, mashamba, madeni, nyumba zinazovuja na majina ya watu waliokufa. Msifanye haraka kuyatupa kwa sababu yamechakaa, wala msiyafunge bandani na kuyapangusa vumbi kila Jumamosi. Ulizeni kila moja lilikuwa na kazi gani, na kama kazi hiyo bado inahitajika. Kisha keti na ndugu zako, msikilize yule mnayetofautiana naye, kwa sababu mara nyingi ameshika sehemu ya urithi ambayo wewe huioni. Kaka yangu aliona gharama, dada yangu aliona kumbukumbu, nami niliona barabara. Kama mmoja wetu angeshinda peke yake, mama angekuwa bado anapanda ngazi ya matatu kwa goti bovu.